Mtuhumiwa Mmoja, Maneno Mawili: Lugha ya Magazeti Katika Tuhuma za Viongozi

Katika soko la Mwika, kando ya barabara itokayo Himo kwenda Rombo, gazeti moja huwatosha watu wengi. Mmoja hulinunua, wa pili hulisoma kwa sauti, na wengine, wenye mikungu yao ya ndizi na wenye safari zao, husikiliza vichwa vya habari na kuyachukua maneno hayo mpaka nyumbani. Huko hayasimuliwi tena kwa Kiswahili cha mhariri wa Dar es Salaam, bali kwa Kivunjo cha nyumbani. Na katika safari hiyo fupi, toka sokoni hadi migombani, neno la kwanza kuanguka njiani ni lile dogo ambalo mhariri aliliweka ili kujikinga: "adaiwa". Kichwa cha habari kilisema kwamba kiongozi fulani adaiwa kula fedha za umma. Jioni, juu kule Mwika Kaskazini, kiongozi huyo amekwisha kula.

Imekuwa desturi ya wayalaumuo magazeti kusema kwamba yanaandika uongo, na ya wayateteao kujibu kwamba hakuna aliyekwenda mahakamani kuyakanusha. Ubishi wa namna hiyo hauna mwisho, tena haugusi palipo na ugonjwa. Upendeleo wa gazeti katika habari za tuhuma aghalabu haukai katika jambo lililoandikwa. Hukaa katika sarufi na msamiati: ni nani apewaye kauli ya kutenda na nani apewaye kauli ya kutendeka, nani huitwa kwa cheo na nani kwa lakabu, na ni lini tuhuma hugeuzwa kuwa hatia bila ya hakimu. Jambo hili lilidhihirika sana katika miaka 8 tangu mwaka 2007 hadi 2015, kwa sababu katika muda huo mtu mmoja alisimama pande mbili za siasa, na magazeti yakalazimika kumwandika mara mbili.

1. Kisa chenyewe

Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji ya mabwawa, umeme ukawa wa mgawo, na Serikali ya Tanzania ikatafuta mitambo ya dharura. Mwezi Juni mwaka huo Shirika la Umeme, TANESCO, lilitia sahihi mkataba wa megawati 100 na kampuni ya Richmond Development, iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Marekani. Baadaye mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma majina ya watu 11 katika orodha iliyokuja kuitwa "orodha ya aibu"; jina la Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, lilikuwamo. Mwezi Novemba Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuuchunguza mkataba wa Richmond. Taarifa yake ilisomwa Dodoma tarehe 6 Februari 2008. Kamati iliona kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa, na kwamba ilipendelewa. Siku iliyofuata Lowassa alitangaza Bungeni kwamba anajiuzulu, huku akilalamika kwamba Kamati haikumwita kumhoji. Mawaziri Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha nao walijiuzulu, na Rais Jakaya Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri.

Miaka 7 ilipita. Mwezi Julai 2015, baada ya jina lake kukatwa katika uteuzi wa mgombea urais wa CCM, Lowassa alihamia CHADEMA, chama kile kile kilichomwandika katika orodha ya Mwembeyanga, akawa mgombea wa umoja wa vyama vinne ulioitwa UKAWA. Dk. Slaa aliondoka. Katika uchaguzi wa Oktoba Lowassa alipata kura zaidi ya milioni 6 na kushindwa na Dk. John Magufuli. Mwezi Machi 2019 alirudi CCM, na tarehe 10 Februari 2024 alifariki dunia. Katika muda wote huo hakufikishwa mahakamani kwa jambo la Richmond: hakutiwa hatiani, wala hakupata nafasi ya kusafishwa na hakimu.

Mtaalamu wa lugha apaswa kuizingatia hali hii. Ushahidi wa mwaka 2008 ulikuwa ndio ushahidi wa mwaka 2015. Hakuna hukumu iliyotolewa baina ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni chama. Basi ikiwa maneno nayo yalibadilika, ni dhahiri kwamba maneno hayo hayakuwa yakilieleza tendo, bali kambi.

2. Msamiati

Neno lililotawala miaka hiyo ni "fisadi". Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana pana ya mharibifu na mtu mwovu, na hasa yule aharibuye wake na mabinti za watu. Kutoka hapo magazeti yaliliingiza katika hazina ya serikali. Hakuna kosa katika hilo. Maneno yana haki ya kuhama. Kosa ni kwamba neno lilihama bila ya kuchukua mipaka. Mwizi hujulikana kwa kuwa ameiba, na mla rushwa kwa kuwa amekula rushwa. Lakini fisadi wa magazetini hakuhitaji tendo maalumu. Aliyetia sahihi mkataba mbaya kwa uzembe, aliyepokea mlungula, aliyefanya biashara na serikali akapata faida kubwa, na aliyekuwa tajiri tu, wote waliingia chini ya neno moja. Neno lisilo na mipaka halithibitiki wala halikanushiki, na kwa hiyo ni silaha nzuri kwa kila mwenye kulishika.

Neno la pili ni "kashfa". Nalo ni la Kiarabu, la shina lenye maana ya kufunua. Katika Kiswahili limebeba mizigo miwili inayopingana. "Kashfa ya Richmond" ni uovu uliofunuliwa. Lakini "kesi ya kashfa" ni kesi ya mtu aliyechafuliwa jina lake bila haki. Kwa neno hilo hilo mshitaki na mshitakiwa hubadilishana viti. Msomaji asikiaye kwamba waziri "amekumbwa na kashfa" hana njia ya kujua, kwa neno lenyewe, kama waziri ametenda ubaya au ametendewa. Gazeti lenye nia safi lingeongeza maneno mawili kuondoa utata huo. Gazeti lenye upande huuacha utata ufanye kazi yake.

La tatu ni neno "adaiwa" lenyewe, ambalo wahariri wanalitegemea kuwa ngao. Kwa sheria ni ngao njema: gazeti halisemi kwamba fulani ametenda, lasema kwamba wako wanaosema hivyo. Lakini kwa msikilizaji wa Mwika kitenzi "kudai" ni cha duka na cha chama cha ushirika cha kahawa kabla ya kuwa cha mahakama. Mtu anayedaiwa ni mtu mwenye deni. Mwanachama adaiwa pembejeo. Mwenye mgomba adaiwa karo ya mtoto. Kwa hiyo "Mbunge adaiwa mamilioni" na "Mbunge adaiwa kula mamilioni" zasikika kama ndugu wa tumbo moja, na katika zote mbili deni lipo. Lililobaki ni kulilipa. Neno lililowekwa kuonyesha shaka laonyesha karibu uhakika.

Kisha zikaja lakabu na wanyama. Tarehe 23 Aprili 2009 Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame na mwenye magazeti, redio na televisheni za IPP, aliwataja hadharani watu 5 na kuwaita "mafisadi papa". Mmoja wao, Rostam Aziz, aliyekuwa Mbunge wa Igunga na mwenye hisa katika kampuni iliyochapisha Mtanzania na Rai, alijibu kwamba Mengi mwenyewe ni "nyangumi". Yafaa kuangalia vizuri ubishi huo ulikuwa wa namna gani. Wenye magazeti wawili walituhumiana. Na msomaji aliyetaka kujua ukweli wa tuhuma hizo alikuwa na magazeti ya huyu na magazeti ya yule. Wakazi wa mlimani, ambao samaki wa sokoni kwao ni dagaa na sato, walijifunza majina ya viumbe wakubwa wa bahari, wakajua nani ni mkubwa kuliko nani. Hawakujifunza ni hati ipi, ya benki ipi, ya tarehe ipi, iliyomfanya yeyote kati yao kuwa papa au nyangumi. Sitiari hupima ukubwa, haipimi ushahidi.

Mfano wa "vijisenti" wafundisha jambo hilo hilo kwa njia ya pili. Mwezi Aprili 2008 Andrew Chenge, Waziri wa Miundombinu, alipoulizwa habari za fedha zilizotajwa kuwa zaidi ya dola milioni 1 zilizowekwa kisiwani Jersey, aliziita vijisenti, na mwezi huo huo akajiuzulu. Kwa mwanafunzi wa mofolojia neno hilo ni zuri sana: senti, iliyo ndogo tayari, imedogoshwa kwa viambishi viwili, "vi" na "ji". Magazeti yalilikamata na kumpa mwenyewe lakabu ya "Mzee wa Vijisenti". Nchi nzima ilicheka. Lakini kicheko kina tabia ya kulifunga jambo lililofaa kuachwa wazi. Swali la maana lilikuwa fedha zilitoka wapi. Swali lililobaki midomoni lilikuwa namna alivyoziita. Neno la mtuhumiwa lilichukua mahali pa uchunguzi wa tuhuma.

3. Sarufi

Msamiati huonekana, na kwa hiyo wahariri hulaumiwa kwa ajili yake. Sarufi haionekani. Itazamwe mifano minne ifuatayo, ambayo imetungwa kwa ajili ya maelezo na haikunukuliwa katika gazeti lolote:

(a) Waziri alichota fedha za umma.
(b) Fedha za umma zilichotwa na waziri.
(c) Fedha za umma zilichotwa.
(d) Makosa yalifanyika katika fedha za umma.

Katika (a) mtenda yuko mbele, kila mtu anamwona. Katika (b) amerudishwa nyuma, lakini yupo. Katika (c) ameondolewa, ila mlango umeachwa wazi: msomaji aweza kuuliza "na nani?", na sarufi yamruhusu kujibiwa. Katika (d) mlango umefungwa. Kauli ya kutendeka haikubali mtenda. Mswahili hasemi "makosa yalifanyika na waziri". Asikiaye hivyo ataona kwamba sentensi imevunjika. Kwa kauli hiyo tendo huwa kama mvua au jua kuchwa: limetokea, halikutendwa. Na chini zaidi kuna "fedha zilipotea", ambamo hata tendo halimo, kana kwamba fedha ni mbuzi aliyekata kamba.

Lugha imempa kila mwandishi ngazi hii, naye yuko huru kusimama katika kipandio apendacho. Lakini msomaji wa magazeti ya miaka hiyo, akiyaweka mawili pembeni kwa pembeni, ataona kwamba kipandio hakikuchaguliwa kwa wingi wa ushahidi. Tuhuma ilipomhusu mtu wa upande wa pili, gazeti lilisimama juu, katika (a), au katika "adaiwa" iliyo jirani yake. Ilipomhusu mtu wa nyumbani, gazeti lilishuka hadi (d). Kwa mpinzani fedha huchotwa, hukwapuliwa, huliwa. Kwa rafiki kasoro hujitokeza na taratibu hukiukwa. Tendo huweza kuwa moja. Mwenye kulisoma gazeti moja tu hawezi kuligundua jambo hili, kwa sababu kila sentensi, ikitazamwa peke yake, ni Kiswahili safi na si uongo.

Ndivyo ilivyo kwa vyeo pia. Mtu aliyetoka katika uwaziri mkuu mwaka 2008 aliitwa kwa namna tatu: "Waziri Mkuu aliyejiuzulu", "Waziri Mkuu wa zamani" na "Waziri Mkuu mstaafu". Zote zahusu jambo moja, lakini kila moja ni hukumu. Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika cheo. Kujiuzulu ni kujiondoa mwenyewe, na ndani yake kuna sauti ya jambo lililomlazimisha mtu kufanya hivyo. Kustaafu ni kumaliza kazi kwa heshima. Wa zamani hakusemi neno. Mhariri alipochagua moja kati ya hizo tatu, alikuwa amekwisha kuandika maoni yake kabla ya kuanza habari.

4. Mtihani wa mwaka 2015

Kwa miaka 7 magazeti yaliyokuwa karibu na upinzani yaliliimba neno "fisadi", na yale ya upande wa chama tawala aghalabu yalikwenda pole pole, yakiliweka katika alama za kunukuu au kuliepuka kabisa. Mwezi Julai 2015 mzigo ulihama bega. Waliozoea kusema "fisadi" walianza kuuliza kwa nini, ikiwa yuko mwenye ushahidi, haupeleki mahakamani. Hoja hiyo ni ya haki, na ilikuwa ya haki vile vile mwaka 2007 walipoikataa. Waliokuwa wakiitaka haki ya mtuhumiwa kusikilizwa kwanza waliligundua neno "fisadi" kana kwamba lilitungwa wiki hiyo. "Mtuhumiwa" akawa "mwanamageuzi" upande mmoja, na "mwenzetu aliyeonewa" akawa "mtuhumiwa" upande wa pili. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na hapa nguruwe na binadamu walikuwa mtu mmoja, miaka tofauti.

Jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee Mwika. Mwika yamo katika jimbo la Vunjo, ambalo wapiga kura wake wana desturi ndefu ya kuisikiliza siasa ya tuhuma. Augustine Mrema, mwana wa Vunjo, alipata jina katika Serikali kwa kuwaandama wahalifu na wala rushwa, akaachishwa uwaziri mwaka 1995 na kuingia upinzani. Mwaka 2010 Vunjo ilimchagua kuwa mbunge wake. Mwaka 2015 ilimchagua James Mbatia wa NCCR-Mageuzi, mmoja wa viongozi wa UKAWA. Mpiga kura wa Mwika aliyeipenda UKAWA kwa ajili ya vita vyake dhidi ya ufisadi aliombwa, kwa kampeni ile ile, amchague mtu ambaye magazeti aliyoyaamini yalimwita fisadi. Wako waliokubali, wako waliokataa, na kila mmoja alikuwa na sababu zake. Lakini hakuna gazeti kati ya yale yaliyogeuka lililomfanyia wema wa kumwambia: neno tulilolitumia lilikuwa na maana hii, tumeliondoa kwa sababu hii, au tulikosea. Liliondolewa kimya kimya, kama mgeni asiyetakiwa.

Hasara haikuwa ya Lowassa, wala ya CHADEMA au CCM. Ilikuwa ya lugha, na ya watu waitumiao lugha hiyo kama chombo pekee cha kuwauliza wakubwa wao maswali. Neno "fisadi" lilipothibitika kwamba laweza kuvaliwa na kuvuliwa kwa kadi ya chama, lilikoma kuogopesha. Mla rushwa halisi alipata kinga mpya: akiitwa fisadi, alitosha kujibu kwamba hayo ni maneno ya siasa, na wasikilizaji wakamwitikia.

5. Hoja ya kuyatetea magazeti

Uhakiki huu ungekuwa na upendeleo wake wenyewe kama usingeeleza upande wa pili. Magazeti yenye upande ndiyo yaliyosema wakati wengine wamenyamaza. Habari za mikataba mibovu na za fedha za EPA katika Benki Kuu, shilingi bilioni 133 zilizochotwa mwaka wa fedha 2005/2006, hazingefika vijijini kama zingeyangoja magazeti yasiyotaka kumwudhi mtu. Wengine walilipa kwa miili yao. Tarehe 5 Januari 2008 Saed Kubenea, mhariri wa MwanaHALISI, na mwandishi Ndimara Tegambwage walivamiwa ofisini na kujeruhiwa. Gazeti hilo lilifungiwa miezi 3 mwezi Oktoba 2008, na mwaka 2012 likafungiwa bila kikomo, kwa nguvu ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Kunyamaza nako ni upande, tena mara nyingi ni upande wa mwenye nguvu. Gazeti la serikali lisemalo tu kwamba "kasoro zilijitokeza" halina haki ya kujiita lenye usawa.

Kwa hiyo kuwa na upande si kosa lenyewe. Historia ya Kilimanjaro yaonyesha hivyo. Katika miaka ya 1950 Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake, Komkya, lililochapishwa Moshi kwa Kiswahili. Wakati huo siasa za mlima zilikuwa kali: Mangi Mkuu Thomas Marealle alikuwa na wafuasi na wapinzani, na kura ya mwaka 1960 iliufikisha mwisho utawala wake. Msomaji wa Mwika aliyelifungua Komkya alijua ni gazeti la nani, na alikuwa na uwezo wa kuyapima maneno yake kwa kipimo hicho. Mwenye gazeti hakujificha nyuma ya neno "huru". Ugonjwa wa miaka ya baadaye ni kwamba upande wa gazeti ulikuwa katika hati za kampuni, wakati ukurasa wa kwanza ulivaa joho la hakimu.

Tofauti ya maana, basi, ni baina ya gazeti lenye upande na maneno thabiti, na gazeti lenye upande na maneno ya kupanga. La kwanza laweza kumshambulia adui yake kila siku, na bado likamfaa msomaji, kwa sababu msomaji aweza kukichukua kipimo chake na kumpimia rafiki wa gazeti hilo hilo. La pili laharibu kipimo chenyewe.

6. Shauri

Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. "Tuhuma" ni shaka iliyosemwa. "Shutuma" ni lawama, na yaweza kutolewa hata pasipo kosa la jinai. "Shtaka" ni tuhuma iliyopelekwa mbele ya chombo chenye mamlaka ya kuisikiliza. "Hatia" ni neno la hakimu peke yake. Basi kuna mtuhumiwa, kuna mshtakiwa, na kuna aliyetiwa hatiani. Na hawa ni watu watatu, hata kama mtu mmoja aweza kuwapitia wote kwa zamu. Magazeti ya miaka hiyo yaliyachanganya maneno haya katika safu moja ya habari moja, na kamusi nazo hazikuwasaidia wahariri, kwa kuwa mara nyingi huyaeleza kwa kuyarudisha moja kwa jingine. Hii ni kazi ya wanakamusi na ya Baraza la Kiswahili la Taifa kabla ya kuwa kazi ya sheria. Sheria hulifungia gazeti. Haimfundishi mtu kusoma.

Kuhusu "adaiwa", lingefaa kuachwa kila inapowezekana kumtaja adaiye. "Kamati Teule ya Bunge yasema kwamba waziri alipendelea kampuni" ni sentensi ndefu kuliko "Waziri adaiwa kupendelea kampuni", lakini ina mtu wa kuulizwa. Hata jina la adaiye likisahauliwa njiani kutoka sokoni, msimulizi atabaki na jambo la kusema: kwamba ni Kamati iliyosema, au ni mpinzani wake, au ni mwenye gazeti shindani. Na kila mhariri angeweza kujifanyia mtihani mwepesi kabla ya kuchapa: aliondoe jina la mtuhumiwa katika kichwa cha habari, aweke la mtu wa chama chake, kisha ajiulize kama angekiacha kitenzi katika kauli ile ile.

Yako mambo ambayo lugha ya namna hiyo ingeyaokoa. Katika miaka yote ambayo magazeti yalibishana ni nani fisadi na nani si fisadi, ni kurasa chache zilizomweleza msomaji mkataba wa Richmond ulisema nini, na kuhamishwa kwake kwenda Dowans kulimfunga nani kulipa nini. Mwezi Novemba 2010 mahakama ya kimataifa ya usuluhishi wa biashara iliamuru TANESCO iilipe Dowans karibu shilingi bilioni 94. Shirika hilo ni mali ya umma, na umma huo ni pamoja na wanunuzi wa umeme wa Mwika. Wao walikuwa wamekwisha kuyajua majina ya papa na nyangumi. Habari kwamba wanadaiwa, kwa maana ile ya sokoni, iliwafikia mwishoni.